Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Leseni: Tuwekee Kitufe cha Kuhifadhi

Busia, Uganda

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu kutoka mpakani. Nakuandikia kwa heshima unayostahili, ingawa sitaficha kwamba nina uchungu. Barua pepe mbili nilizowatumia mwaka jana hazikujibiwa, na namba ya simu mliyoiweka chini ya tovuti yenu huita mpaka inakatika yenyewe. Nimeona basi niseme mbele ya watu wote.

Nina duka dogo la stesheneri na intaneti karibu na paki ya teksi. Natoa fotokopi, nauza kalamu na bahasha. Lakini tangu ofisi yako ihamishie maombi yote ya leseni kwenye tovuti, kazi yangu kubwa imekuwa kuwajazia watu fomu zenu. Wanakuja wauza mukene, yaani dagaa, wenye mashine za kusaga, kina mama wa mitumba. Wengi wana simu nzuri tu. Fomu yenu ndiyo haifunguki kwenye simu hizo.

Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, alifika mzee mmoja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amepanda bodaboda mvua ikinyesha, na bahasha yake ya plastiki ameificha ndani ya koti: kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, risiti za miaka mitatu zilizokunjwa mara nne. Anauza mukene tangu mimi sijazaliwa. Mwisho wa kuomba leseni ulikuwa kesho yake.

Tukaanza. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa niliandika kama ilivyo kwenye kitambulisho chake: 25, kisha 8, kisha 1953. Ukaja ujumbe mwekundu juu kabisa ya ukurasa, kwa Kiingereza, kwamba kuna kosa. Kosa gani, wapi, haukusema. Mimi najua kwa sababu nimeshapigana nalo mara nyingi: fomu yenu inataka mwezi kwanza, halafu siku, kama wanavyoandika Wamarekani. Kwa hiyo 25 inasomwa kama mwezi, na mwezi wa 25 haupo.

Na huyo aliyekataliwa ana afadhali, Mheshimiwa. Aliyezaliwa tarehe 5 mwezi wa 8 fomu inampokea vizuri kabisa, inamwandika tarehe 8 mwezi wa 5, hana habari. Baada ya wiki anaambiwa taarifa zake hazilingani na kitambulisho. Hapo dukani nimewaona watu watatu walioitwa waongo kwa tarehe walizozijaza kwa usahihi. Mmoja alilia.

Turudi kwa mzee. Fomu ina kurasa sita. Tulifika ya tano, ile ya kupakia nakala. Nikaskani barua ya LC1, tovuti ikasema ni kubwa mno. Nikaipunguza, nikairudisha. Kagurudumu kakazunguka. Kalipoacha kuzunguka tukaambiwa muda umekwisha, tuingie upya. Tukaingia. Kurasa zote tano zilikuwa nyeupe. Jina halipo, tarehe haipo, kijiji hakipo.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu umeme ulikatika, na hiyo siwalaumu, lakini kazi ya saa mbili ilienda na umeme kwa sababu tovuti yenu haihifadhi chochote mpaka mtu abonyeze kitufe cha mwisho. Mzee akanitazama, akasema, "Mwanangu, si waniletee karatasi nijaze kwa mkono?" Sikuwa na jibu. Karatasi mliziondoa. Saa kumi jioni akaondoka ili asikose gari la kurudi. Ijumaa tovuti haikufunguka kutwa nzima. Jumamosi akazuiwa kuuza sokoni kwa kukosa leseni.

Nadhani najua jinsi mambo yalivyofika hapa, na kama nimekosea unisahihishe. Aliyetengeneza tovuti hii alikaa mbele ya kompyuta kubwa, kwenye intaneti isiyokatika. Tarehe akaziacha kama zilivyokuja na programu. Ile menyu ya juu aliifanya ifunguke mshale wa kipanya ukipita juu yake, na simu haina mshale. Mtu anagusa palipoandikwa leseni, hakuna kinachotokea, anagusa tena, anadhani simu yake imeharibika. Ukurasa wa kwanza unaanza na picha tano kubwa za uzinduzi, zinazopokezana. Kabla hazijamaliza kushuka, bando la mtu limeshaliwa, na unajua kwamba tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya intaneti. Mwenye jina lenye ng' naye anaambiwa jina lake lina alama isiyoruhusiwa. Jina alilopewa na babu yake!

Katika mkutano wa mjini mwaka jana ulituahidi kwamba tovuti ingekuwa rahisi kama kutuma pesa kwa simu. Nilikuwepo, nimekaa mstari wa pili, nikapiga makofi. Naomba nikushike hapo hapo kwenye maneno yako. Mobile money ilianza Uganda mwaka 2009, na leo bibi asiyejua kusoma vizuri anaitumia kwa simu ya vitufe. Anaiweza kwa sababu simu inamuuliza jambo moja kwa wakati mmoja: namba ya nani, kiasi gani. Kisha, kabla hajatia namba ya siri, inamwonyesha jina la anayepokea na hela zinazotoka. Akiona si lenyewe, anaghairi. Hakuna picha ya mkubwa yeyote pale. Fomu yenu ingeuliza hivyo, mzee yule angejaza mwenyewe, na mimi ningekosa shilingi 3,000 zangu kwa furaha.

Wala si jambo la kubuniwa upya. Uingereza, mwaka 2012, walianza kukusanya huduma za serikali yao kwenye tovuti moja, GOV.UK. Tarehe wanaiuliza kwa visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, kila kimoja na jina lake juu. Visanduku vitatu, Mheshimiwa! Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kuhusu maandishi yenu ya kijivu juu ya nyeupe, kuna mwongozo wa kimataifa tangu 2008 unaoeleza herufi zikolee kiasi gani ili mwenye macho dhaifu asome, na sisi wenyewe tuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020. Fundi cherehani jirani yangu huweka uso karibu uguse skrini, na bado ananiomba nimsomee.

Kiswahili sitakisema sana leo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kwenye tovuti yenu hakuna hata neno moja la Kiswahili. Nalitaja tu, maana wateja wangu nusu ndicho wanachokijua.

Labda hukuwahi kuambiwa yanayotupata sisi tulio katikati. Mteja fomu ikimpotea haoni ofisi yako, ananiona mimi. Wapo wanaosema mtaani kwamba huyu mama anakula pesa zetu halafu hatumi. Nimeacha kumtoza mtu ambaye maombi yake hayakupita, kwa hiyo siku kama Alhamisi nimefanya kazi kutwa, nimenunua bando mbili, nimelala bila kitu. Nimegundua tovuti ina nafuu saa kumi na moja alfajiri, basi nafungua saa hiyo. Binti yangu wa darasa la pili analala juu ya benchi la wateja, kichwa kwenye boksi la karatasi, mpaka saa ya shule.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mambo kumi na moja ya kuomba, nimeyaandika nyuma ya daftari la madeni. Najua hutayafanya yote. Picha ziacheni mkitaka. Rangi ziacheni. Hata menyu nitaendelea kuwafungulia watu kwa kipanya changu. Nakuomba moja: alichokwisha kuandika mtu kisipotee. Kila ukurasa uwe na kitufe cha kuhifadhi, ili umeme ukikatika, au muda ukiisha, au gari la kijijini likiondoka, mtu akirudi kesho aendelee pale alipoachia. Kitufe kimoja. Mwambie fundi wenu wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote, aweke kitufe cha kuhifadhi.

Mzee nimempigia, amekubali kurudi Jumatatu. Nauli ameazima. Nimemwambia alale kwa dada yake hapa mjini Jumapili, ili saa kumi na moja alfajiri tuwe tumeshakaa kwenye kompyuta, na ofisi yako nayo naiombea impokee ingawa siku imepita, kwa kuwa siku hiyo alikuwa hapa na bahasha yake mkononi.

Kwa Mungu na Nchi Yangu,

Mwenye duka la stesheneri, paki ya teksi, Busia