Juni tunakwenda Udzungwa

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Barua yako imenifikia, aliileta Mama Sauda aliporudi kutoka kuwaona. Huku sote hatujambo. Bibi yako anakusalimu, goti lake limetulia kidogo. Mdogo wako ameshahamia kitandani kwako bila kumwomba mtu ruhusa. Hilo mtamalizana wenyewe ukifunga shule.

Nimesoma ulivyoandika kuhusu safari yetu ya Juni. Kwamba wenzako bwenini wamecheka, eti mtu atoke Dar hadi Morogoro kwenda kutazama miti? Na kwamba kama ni hifadhi, si bora Mikumi, walau kuna simba. Haya, nikujibu.

Mikumi utaiona bure. Barabara ya kwenda Iringa inakata katikati ya hifadhi hiyo kwa kilomita kama 50, na dereva hapo hupunguza mwendo apende asipende, maana faini ya kugonga mnyama si ya kuchezea. Wewe kaa dirishani tu. Swala, pundamilia, twiga, na tukibahatika tembo, wote kwa nauli ile ile tuliyolipa Mbezi. Simba siahidi. Tukifika Mikumi mjini tunakata kushoto, tunashuka Kidatu, tunapita mashamba ya miwa, na kuanzia hapo milima inatusindikiza upande wa kulia mpaka Mang'ula. Ni kama kilomita 350 kutoka hapa nyumbani.

Pale Mang'ula gari kazi yake imekwisha. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake huzunguki na gari kutafuta wanyama. Ni miguu yako, njia nyembamba, na mwongoza watalii mbele. Ndiyo sababu nimeichagua. Mbugani unamwona tembo kutoka mbali, unapiga picha, unafungua soda. Msituni mnyama anaweza kuwa hatua kumi kutoka uliposimama na usimwone. Unasikia tawi limecheza, basi. Mwongozaji niliyeongea naye kwa simu, kijana wa kulekule, aliniuliza swali moja tu kuhusu wewe: "Binti anaweza kukaa kimya nusu saa?" Nikamjibu bila kusita kwamba anaweza. Sasa usinitie aibu.

Ninayemsubiri kwa hamu ni ng'olaga. Ni nyani wa rangi ya majivu, mkia mrefu, anashinda chini akifukua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Duniani kote yupo katika misitu miwili tu, na yote iko kwenye milima hiyo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana wakasikia mlio wasioufahamu. Wenyeji wao walishangaa nini? Walikuwa wanamjua tangu enzi za babu zao. Wala watafiti hawakuhitaji kwenda mbali kumwona kwa karibu, kwani mtoto wake alikutwa akifugwa kijijini Sanje, na kwa jina la kijiji hicho ndivyo anavyojulikana vitabuni. Yupo pia mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye utosi wa rangi ya kutu. Huyo hula zaidi majani, na ukimtazama vizuri mkononi utakuta dole gumba halipo, limebaki kijinundu. Mwalimu wako wa baiolojia akikuuliza anashikaje tawi, umwambie umeona mwenyewe.

Na kuna kisa cha kwale kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1991 watafiti wakiwa kambini huko huko milimani, walichungulia sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege wasiyemtambua. Ndege mzima hajulikani kwa sayansi, na tayari ameungwa! Walipomchunguza ikaonekana jamaa zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia, si huku kwetu.

Utauliza alifikaje. Hakuja juzi. Upepo wa Bahari ya Hindi, huu huu unaotupoza pale Feri, ukigonga milima hupanda, hupoa, na maji yake yanadondoka kama nguo inayokamuliwa. Imekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Sehemu nyingine za Afrika zilipokauka na misitu yake ikarudi nyuma, milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, iliendelea kunyeshewa. Viumbe waliobaki juu wakajikuta kisiwani, wakabadilika kivyao. Mpaka 2008 bado walikuwa wanatangaza mpya: sengi, mnyama mdogo mwenye uso wa kijivu, pua ndefu inayochezacheza, uzito kama gramu 700. Kamera ya kutega ndiyo iliyomnasa kwanza. Sisi hatutamwona, yuko msitu wa ndani zaidi, lakini napenda kujua kwamba yupo.

Vilevile hatutafika Kihansi, ingawa ni milima hiyo hiyo upande wa kusini. Ila hadithi ya chura wake ni ya kwetu pia hapa Dar. Aligunduliwa 1996, mdogo, hata sentimita tatu hafiki, na hana viluwiluwi, huzaa watoto kamili. Aliishi kwenye rasharasha za maporomoko tu. Umeme wa Kihansi ulipoanza mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua, na chura akatoweka korongoni. Bahati nzuri baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2010 chura 100 walirudishwa kwa ndege, wakapokelewa Chuo Kikuu, hapo Mlimani tunapopita kila siku, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Mimi nawasha taa hapa nikikuandikia na siwezi kusema umeme ule haukuhitajika. Ni jambo gumu, tutalizungumza njiani, saa tutakuwa nazo nyingi.

Jambo jingine la kumuuliza mwongozaji: kuni. Vijiji vya pale vimepakana kabisa na msitu. Zamani watu waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, tangu 2011 wamezuiwa. Nataka kusikia akina mama wa Mang'ula wanapikia nini siku hizi, maana sisi tunaokwenda kufurahi siku mbili hatujui gharama inalipwa na nani.

Maandalizi yanaendelea. Nimeazima darubini kwa Baba Sauda na jana jioni nilijifunza kuitumia kibarazani. Nilimlenga kunguru juu ya nguzo ya umeme. Ukizungusha kile kigurudumu cha katikati taratibu anatoka kwenye ukungu, kwanza ile shingo ya kijivu, halafu jicho, halafu nikaona ameshika utumbo wa samaki chini ya kucha anauchanachana kwa mdomo. Nilikaa hapo mpaka Mama Juma akatoka nje kuuliza ninamchungulia nani. Ukifika nitakufundisha, lakini tafadhali tuelekee upande wa kwetu.

Siku ya pili tutapanda maporomoko ya Sanje, mita 170 kwa jumla, na chini yake kuna madimbwi ya kuogelea. Maji ni ya baridi, mama yako ameshasema haingii. Beba soksi ndefu za kuchomekea suruali, siafu wa msituni hawana adabu. Koti la mvua ninalo.

Nijibu namba ya kiatu chako, maana Jumamosi nakwenda Karume kutafuta raba yenye soli ya kushika na sitaki kubahatisha. Na mkitangaziwa tarehe ya kufunga shule, mwombe matroni akupigie simu nyumbani siku hiyo hiyo. Mabasi ya Ifakara hujaa mapema wakati wa likizo na nataka nikate tiketi za viti vya dirishani.

Msalimie Sauda.

Ni mimi,
Baba yako