Kamba wa Naivasha

Mkoani, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na picha ya kamba wa Ziwa Naivasha, huko Kenya uliko, nimemwonyesha Mama, naye akauliza, "Hawa si kamba koche wadogo?" Wanafanana kweli, kwa ule wekundu na yale magando. Lakini hawa ni wa maji baridi, tena hapo Naivasha ni wageni kama wewe. Asili yao Marekani. Walitiwa ziwani mwaka 1970, wakazaana.

Umeniuliza kama unaweza kuwapikia watoto. Unaweza. Ila umeandika kwamba jirani yako anawatia ndimu na chumvi tu, nyama ikishageuka nyeupe anakula. Hapo moyo ulinipiga. Ndimu haiivishi, shoga yangu, inageuza rangi tu. Kamba na kaa wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo ya mapafu. Ukiimeza ikiwa hai hutoboa utumbo, ikapanda mpaka kifuani, na mtu akakohoa damu hata akadhaniwa ana kifua kikuu. Wewe wachemshe mpaka nyama ya ndani kabisa iive. Kisu na kibao ulichokatia kamba mbichi kioshe kwa sabuni kabla hujakata kachumbari. Na aliyekufia ndooni, hujui tangu saa ngapi, mtupe.

Lipo la pili, na hili ndilo linalonikosesha raha. Moto unaua minyoo, hauui sumu. Unayakumbuka ya Kisiwa Panza, Machi 2024? Watu tisa walifariki kwa nyama ya kasa, na wanane kati yao ni watoto. Sumu ile hata uichemshe kutwa haitoki. Tangu siku zile mimi sikiamini chungu peke yake. Nataka kujua kitoweo kimetoka wapi.

Sasa fikiria ziwa lako. Limezungukwa na mashamba ya maua, dawa zinapigwa, na mvua ikinyesha maji yanashuka na kila yalichokikokota njiani. Kamba anakaa topeni, anakula majani, anakula mizoga, na kilichomo kwenye tope kinamwingia. Kwa hiyo muulize muuzaji wako kamvua upande gani. Kama ni karibu na mfereji unaomwaga ziwani, mrudishie ndoo yake, hata akikasirika. Na ile manjano ya kichwani, najua unavyopenda kufyonza vichwa vya kamba tangu utotoni, tafadhali iache. Ndimo uchafu unamojikusanya. Kula mkia, na ule uzi mweusi wa mgongoni uvute wote utoke.

Ukiona maji yamefanya utando wa kijani, kama rangi iliyomwagika, siku hizo usinunue kitu cha hapo, kamba wala samaki. Utando ule mara nyingine una sumu, na ikimwingia samaki hukaa zaidi kwenye maini na matumbo. Nayo pia haiondoki kwa kupika.

Samaki wenyewe usiwaogope. Perege mdogo, mbichi wa asubuhi, macho yake maangavu na matamvua mekundu, mpikie mwanao mchuzi wa nazi na mshukuru Mungu. Wakubwa wanaokula wenzao ndio usiwafanye chakula cha kila siku, hasa sasa unanyonyesha. Zebaki, ile metali yenye sumu, iliyomo kwa wadogo wote aliowameza samaki mkubwa inabaki mwilini mwake, na moto hauigusi.

Mama anakusalimu sana. Kakufungia bizari na pweza mkavu, vitakuja na mtu anayesafiri wiki ijayo.

Ukishamuuliza muuzaji, niandikie alivyokujibu. Na huyo jirani mwambie habari ya ndimu leo hii, usingoje barua yangu nyingine.

Shoga yako