Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: mameya waliokutangulia waandikwe sasa

Mstahiki Meya,

Salaam. Tunakuandikia sisi ambao kazi yetu ni majalada na mihtasari ya serikali za mitaa. Ombi letu ni moja: agiza jiji liandae kumbukumbu kamili za maisha na utumishi wa kila aliyewahi kuwa meya wa Dar es Salaam. Inahitaji watu wachache, chumba kikavu na nidhamu, ila haiwezi kusubiri. Unyevu wa Pwani haumhurumii mtu wala karatasi.

Mchukue Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wapenzi wa ushairi wanamfahamu kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, na wapenzi wa mpira kwa uwanja wa Arusha unaobeba jina lake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya na kusoma Rabwah, Pakistan. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akashika umeya katika miaka ya kuelekea uhuru, kisha akawa Waziri wa Sheria na baadaye Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Alifariki Oktoba 1964 akiwa Ujerumani, na umri wake ulikuwa miaka 40 tu. Mashairi yake yamebaki kwa sababu yalipigwa chapa. Lakini aliongozaje kikao, hoja ipi ilipita, diwani gani alipinga na kwa sababu ipi? Majibu ya maswali hayo ni ya mihtasari ya baraza na magazeti ya wakati ule, na nakala zake si nyingi.

Atakayeifanya kazi hii atakwama kwanza kwenye majina. Huyu huyu utamkuta Amri Abedi, Amri Abeid, na Kaluta Amri Abedi. Usipoweka kadi moja yenye jina lililochaguliwa, na chini yake namna nyingine zote za kuliandika, mtafutaji atapata nusu ya nyaraka na kuamini amemaliza.

Pa pili ni miaka. Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949, ikapewa hadhi ya jiji Desemba 1961. Mfumo wa madaraka mikoani wa miaka ya 1970 uliziondoa halmashauri za miji, zikarudishwa 1978. Mwaka 1996 baraza la jiji lilivunjwa na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Tangu hapo jiji lilikuwa na meya wake, na Ilala, Kinondoni na Temeke kila moja ikawa na meya wake. 2016 zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu akiandikwa tu kwamba "alikuwa meya wa Dar", bado hujajua alikalia kiti kipi. Orodha yenu itaje chombo, tarehe ya kuchaguliwa na tarehe ya kutoka. Miaka isiyokuwa na meya ioneshwe wazi na sababu yake iandikwe. Tumeona orodha zinazoruka miaka hiyo kimya kimya, na msomaji anadhani karatasi zimepotea.

Tatu, na hapa ndipo wasifu nyingi za wanasiasa zinapoharibika, ni kumpa mtu sifa ya jambo lililofanywa na mwingine. Unalijua hili kuliko sisi: meya anaongoza Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha na Uongozi, lakini afisa masuuli ni mkurugenzi, ndiye anayesaini malipo na mikataba. Soko likijengwa, usiandike kwamba meya fulani alijenga soko. Fuata hoja tangu ilipoingia kamatini, azimio la baraza, hadi lilivyojibiwa kwenye "yatokanayo", yaani sehemu ya kufuatilia maazimio yaliyopita, ya vikao vilivyofuata. Namba ya muhtasari iwekwe pembeni ya kila dai. Uzito wa jambo hili ulionekana Januari 2020, madiwani walipopiga kura ya kumwondoa Meya Isaya Mwita na mabishano yakawa kama theluthi mbili ya madiwani ilitimia. Bila orodha ya mahudhurio yenye saini, mabishano kama hayo hayataisha hata baada ya wahusika kuondoka duniani.

Sasa kazi yenyewe. Ianze masjala, yaani chumba cha majalada, kwa kuhesabu kilichopo: vitabu vya mihtasari, majalada ya kamati, picha, hotuba. Kila jalada liandikwe namba, mwaka wa kwanza na wa mwisho, na hali yake. Karatasi za faksi za miaka ya 1980 na 1990 ziskaniwe kabla ya chochote kingine, maana maandishi yake yanafifia hata ndani ya kabati. Nakala za kaboni kwenye karatasi laini ziwekewe karatasi nyeupe nyuma yake, herufi zitasomeka. Pini zilizoshika kutu zikunjuliwe miguu kwa kibapa chembamba kwanza, zisivutwe. Ukivuta, kona ya ukurasa inabaki na pini, na mara nyingi tarehe iko pale konani. Vitabu vilivyojalidiwa visipitishwe kwenye mashine inayomeza karatasi, vipigwe picha kwa kamera iliyosimamishwa juu. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi, picha zipewe 600. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ndipo aina ya kikao. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya jengo la halmashauri.

Picha zina balaa lake. Zilizotumwa kwa WhatsApp zimepungua ubora na zimepoteza tarehe, kwa hiyo iombwe faili ya awali kutoka kwa mpiga picha. Na nyuma ya picha za zamani paskaniwe pia, huko ndiko walikoandika majina.

Familia za mameya waliofariki zifuatwe kwa heshima, kwa barua yenye saini yako, na ridhaa iandikwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Familia zisiombwe kuachia barua wala picha za meya. Nyaraka hizo ziskaniwe palepale nyumbani na kurudishwa mikononi mwao.

Tunakuomba uipeleke hoja hii Kamati ya Fedha na Uongozi katika robo ya mwaka inayokuja, na mkurugenzi aandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kuomba mtaalamu wa kuwafunza watumishi wa masjala kabla jalada la kwanza halijafunguliwa. Na mihtasari ya vikao unavyoviongoza wewe isainiwe, ifungwe kwa mwaka na kuingizwa kwenye kumbukumbu hizo hizo.

Wasalaam,
Watunza kumbukumbu na wasomaji wa historia ya jiji