Risala ya kikundi cha muziki wa gitaa, Kirumba, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, wazazi na waalikwa wote, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Kirumba. Kikundi hiki kilianza na gitaa moja la kuazima. Leo tuko 14, tumepiga harusi kuanzia Igoma hadi Kisesa, na kwa muziki wa bluzi hapa Mwanza hatuoni wa kutufikia.

Bluzi tuliipenda kupitia mama mmoja wa Marekani, Bonnie Raitt. Chuoni alisomea mambo ya Afrika, akiwa na nia ya kuja hapa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, gitaa likamteka. Mwaka 1983 kampuni yake ya rekodi ilimtupa, na pombe ikamwelemea. Akaiacha pombe, kampuni nyingine ikamfungulia studio, na albamu yake ya 10 ikatoka 1989. Mwaka uliofuata alibeba tuzo 4 za Grammy usiku mmoja. Mheshimiwa, kipaji alikuwa nacho siku zote. Kilichokosekana ni wa kumfungulia.

Dada yetu mwimbaji mkuu yuko katika hali hiyo hiyo. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, amplifaya ikaungua. Akaacha kuimba, akaenda kuanika dagaa Mwaloni miezi 8. Sasa amerudi, lakini anaimba bila kipaza sauti, na mishipa ya shingo inamsimama. Gitaa tunalichomeka kwenye sabufa ya kinyozi jirani. Mteja akitaka muziki wake, mazoezi yamekwisha.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapo ulipo akaahidi amplifaya, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ofisini kwake tuliambiwa "njooni kesho" mara nne. Mara ya tano simu haikupokelewa. Wa mwaka jana naye aliahidi, na tunaendelea kumsubiri. Hatusemi haya kukulaumu wewe, Mheshimiwa, maana wewe hujatuahidi kitu.

Tunaomba amplifaya moja, spika mbili, kipaza sauti na stabilaiza ya kuvilinda. Profoma ya duka imebanwa nyuma ya risala hii. Lolote utakalojaliwa, hata spika moja, tunaomba katibu aliandike hapa hapa, nawe utie saini kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.