Hotuba ya Novemba tumeikariri, maamuzi ya Machi na Aprili je?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi. Kila vita vya Kagera vikitajwa, iwe redioni au kijiweni, utasikia ile hotuba tu ya Mwalimu, sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo, watu makofi, stori imeisha. Ile ilikuwa Novemba 1978, Amin wa Uganda keshaingia mpaka mto Kagera, hapo hata mimi ningejua cha kusema. Kazi ilikuja mwishoni.

Hebu fikiria, Januari 1979 ardhi yetu imesharudi, OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) inataka yaishe huku yenyewe hata kumlaani Amin imeshindwa. Ukisimama mpakani jamaa anajipanga anarudi, ukiendelea wewe ndo mvamizi, na ule mkataba wa OAU wa kutoingilia nchi ya mwenzio Mwalimu alikuwa mmoja wa walioupitisha 1963. Akasogea, Februari Masaka na Mbarara zikaanguka, akitegemea Waganda wenyewe watamalizia. Nguvu hiyo hawakuwa nayo. Machi akaingia Gaddafi wa Libya kumsaidia Amin, askari wake wakapigana na wetu Lukaya, baadae akatupa masaa 24 tuondoke Uganda na ndege yake ikaja kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala (maskini swala wa watu). Mwalimu akagoma.

Sasa ndo nafika ninapotaka. Kampala inakaribia kuanguka, Mwalimu akaagiza barabara ya Jinja iachwe wazi Walibya watoke. Hapa Bukoba ukiligusa hilo wazee wanang'aka, kwanini tuliwaachia! Mi naona ile ndo ilikuwa amri ngumu kuliko zote, maana jeshi lina hasira na limeshinda halafu unaliambia wapishe. Lakini mtu aliyebanwa bila pa kutokea atapigania kila nyumba, Kampala ingebaki kifusi na pale Kaboya makaburi ya vijana wetu yangekuwa mengi zaidi, na Gaddafi nae angeona aibu hiyo hailipiki bila kuleta wengine. Aprili 11 mji ukawa mikononi mwetu.

Baada ya hapo simtetei. Lule, rais wa kwanza wa Uganda baada ya Amin, kakaa siku 68 tu akang'olewa, akaja Binaisa, nae akaondolewa, 1980 Obote karudi kwa uchaguzi ambao mpaka leo watu wanaubishia, na jeshi letu muda wote huo liko kulekule. Sisi tumeambiwa tufunge mkanda miezi 18, mama anatuamsha saa kumi usiku tukapange foleni ya sabuni, na miezi 18 ikaisha foleni ipo palepale. Alijua pa kumwachia adui njia ila pa kutokea yeye mwenyewe hakupaona mapema.

Sasa ombi langu mhariri, Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wetu wa vita hivyo, ametangulia 2024, wengine wanapungua. Kuna mzee mtaani kwetu alikuwa kwenye mizinga ya saba saba, hajawahi kuulizwa na mwandishi hata mmoja. Tumeni kijana wenu aje na rekoda, ila asije asubuhi, asubuhi mzee anakuwa kwenye migomba yake.

Msomaji wenu,
Bukoba