Winda uongo, jina litakuja

Mwanangu mpendwa,

Picha ya karatasi yako ya Kiingereza, ile ya kutaja tamathali za usemi (maneno yasiyokusudiwa kuchukuliwa neno kwa neno) katika sentensi saba, niliipata jana usiku, na swali lako chini yake: "Mama, hapa wamenionea au?" Nilianza kukujibu kwa ujumbe wa sauti, nikafika dakika ya sita nikaona bado niko kwenye sentensi ya kwanza. Nikaufuta. Afadhali barua, utaisoma taratibu karatasi ikiwa mbele yako.

Hujaonewa, ila mahali pamoja, na hapo nitafika.

Sentensi ya kwanza ni "She looks like her mother." Umeandika tashibiha. Najua kilichotokea: uliliona neno "like", ukafurahi, mkono ukaandika kabla jicho halijafika mwisho. Mmefundishwa kwamba "like" na "as" ndizo alama za tashibiha, kama sisi tulivyofundishwa kutafuta "kama" na "mithili ya". Lakini binti kufanana na mama yake ni habari tu. Ni watu wawili wametazamwa sura. Tashibiha hutaka vitu vya jamii mbalimbali vikutanishwe kwa sifa moja, na ndiyo maana ile ya pili umeipata, "The house was as silent as a grave." Nyumba haina undugu wowote na kaburi zaidi ya huo ukimya. Mwondoe mama kwenye sentensi ya kwanza uweke dhoruba, "She came in like a storm", hapo tashibiha imeingia mlangoni. Na hata "as" ina shughuli zake nyingine. "As soon as he left" inataja wakati, basi.

(Tashibiha haijali elimu ya viumbe, kwa taarifa yako. Kiingereza husema "as blind as a bat", na popo wanaona vizuri tu.)

Kwa hiyo acha kuwinda maneno, winda uongo. Tamathali nyingi ukizichukua neno kwa neno zinagoma: jambo haliwezekani, au ni upuuzi mtupu, au halihusiani kabisa na kinachozungumzwa. Ukishaona pamegoma, jiulize nini kimekutanishwa na nini, na kwa ajili gani. Jina liandike baadaye. Wewe kila mahali umeanza na jina, kisha ukaitafutia sentensi sababu ya kuitwa hivyo.

Usidhani nakucheka. Mwaka wangu wa kwanza chuoni mwalimu mmoja alinirudishia insha yangu ya mmomonyoko wa udongo, pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "You have put the cart before the horse." Niliisoma insha nzima mara mbili nikitafuta mkokoteni. Nikahisi labda nimekosea tahajia ya neno fulani likasomeka "cart", nikapitia ukurasa kwa ukurasa na kidole. Baada ya siku mbili ndipo rafiki yangu aliponihurumia akanieleza kwamba nilikuwa nimetoa hitimisho kwanza, sababu zikafuata nyuma. Maneno yote manane ya mwalimu nilikuwa nayajua. Nilichokosa ni kusimama na kujiuliza, hivi farasi ameingiaje kwenye udongo?

Sasa twende pale ulipopunjwa. "The wind whispered through the trees." Umeandika sitiari, mwalimu akaweka mkasi na kuandika tashihisi. Mimi ningekupa nusu. Neno walilonalo Waingereza kwa sitiari linatokana na Kigiriki na maana yake ni kuhamisha, kubeba kitu kutoka hapa hadi kule. Tashihisi nayo inahamisha: inachukua tabia ya mtu, kunong'ona, inaupa upepo. Basi jibu lako si la uongo, ni pana mno. Ni sawa na kuonyeshwa kasuku ukaulizwa ni ndege gani, ukajibu, "Ni ndege." Ukiulizwa aina, toa jina lililo karibu zaidi na kitu chenyewe.

Ile ya "The White House refused to comment" ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na hapo umekosea kwa namna inayoonyesha kwamba ulikuwa unafikiri. Umesema tashihisi, kwa sababu jumba halina mdomo wa kukataa kusema. Uongo umeuona, vizuri. Lakini linganisha na upepo. Mwandishi wa ule upepo anataka uusikie ukinong'ona kama mtu. Huyu wa Ikulu ya Marekani hataki ulione jumba jeupe limenuna; anachotaka ufikirie ni rais na wasaidizi wake waliomo ndani. Jina la mahali limetumwa kwenda kusimama badala ya watu wake. Hiyo ni metonimia. Ukisoma "the Crown" kwenye habari za Uingereza, ni mfalme au dola yake inayotajwa, wala si taji lenyewe kichwani.

Metonimia ina ndugu yake anayefanana nayo mno, sinekdoki. "All hands on deck!" anapiga kelele nahodha. Anawaita mabaharia, ametaja mikono. Tofauti yao ni kwamba mkono ni sehemu ya mwili wa baharia, ilhali jumba si kiungo cha rais. Wapo wataalamu wanaoiweka sinekdoki ndani ya metonimia, basi msigombane darasani.

"He kicked the bucket" umeandika: "Si tamathali, alipiga teke ndoo." Hapa nimecheka kidogo, samahani. Na kwa haki, ingekuwa imesimama peke yake ungeweza kunishinda kwa hoja, maana kupiga teke ndoo ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini sentensi inayofuata inasema aliwaachia wapwa zake shamba. Shamba ndilo linalokuambia kwamba mzee amekata kamba. Nahau ni ya namna hiyo, maana yake haikai ndani ya neno lolote kati ya yale uliyosoma.

Iko njia ya kuijaribu, nami naipenda sana. Geuza sentensi. "The bucket was kicked": kifo kimetoweka, imebaki ndoo inabingirika sakafuni. Hata wakifa watatu, husemwa "they kicked the bucket", ndoo inabaki moja. Kwetu jaribu na mtu aliyekula chumvi nyingi. Sema "chumvi nyingi imeliwa naye", na ule uzee wake umekwisha, tumebaki na mgonjwa wa shinikizo la damu. Nahau nyingine hazijakauka kiasi hicho. "The beans were spilled" bado ni siri iliyotoka. Kwa hiyo ikigoma kugeuka, una ushahidi mzuri; ikikubali, usiseme haraka kwamba si nahau.

Chuku umeipata, "I've told you a thousand times", na sishangai, umeisikia kwangu tangu hujaanza shule. Ila ujue ina kinyume chake. Mwingereza akikuambia kazi yako ni "not bad", anaweza kuwa ameipenda sana. Badala ya kukuza anapunguza, na mgeni wa lugha huondoka amenuna wakati amesifiwa.

Ya kuogopa kweli ni kinaya, yaani kusema kinyume cha unachokusudia, ambayo kwenye karatasi yako haikutokea. Mtu amechelewa, watu wamebeba meza zote na viti vyote, jasho linawatoka, yeye ndio anaingia. Mmoja anamwambia, "Perfect timing!" Tafuta uongo ndani ya maneno hayo mawili, huupati. Wala hayana "like". Uongo uko kati ya maneno na chumba kilivyo. Ukiona sifa imewekwa mahali pa lawama, rudi nyuma aya nzima uangalie nani alikuwa anafanya nini.

Umeniuliza pia kwa nini "the leg of the table" haikuhesabiwa. Kwa sababu imelala. Zamani lazima mtu fulani aliona meza imesimama kama mnyama, leo hakuna anayemwona huyo mnyama. Lugha imejaa sitiari zilizolala, na raha yake ni kwamba kila lugha imelaza za kwake. Sindano ya Mwingereza ina jicho, yetu ina tundu. Saa yake ina mikono, yetu ina mishale. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, George Lakoff na Mark Johnson, walionyesha kwamba hizi si mabaki tu, tunafikiri kwa kuzitumia. Sikiliza Kiingereza kinavyosema juu ya muda: "spend", "save", "waste", "invest". Ni maneno ya fedha hayo. Kinaposema juu ya mabishano ni vita: "attack", "defend", "win". Mimi nikisikia mtu anasema nimempotezea muda, huwa najiuliza muda huo alikuwa ameuweka wapi. Kwenye mtihani usiandike hayo, hakuna alama zake. Lakini ukiwa kwenye gari huna la kufanya, zihesabu.

Imebaki ya saba, uliyoiacha wazi: "Her silence was deafening." Sikupi jina lake, na usimwulize rafiki yako aliyeipata. Niandikie kwanza ni nini na nini vimekutana humo, na huyo mwanamke unadhani alikuwa amekasirika au la.

Wako akupendaye,
Mama