Mjadala wa Thomas Tryon: siku imebadilika

Habari za jioni ndugu wasomaji,

Mjadala wetu umesogezwa. Sasa ni Jumamosi hii saa 2:00 usiku, hapa hapa kwa simu ya kikundi, si Ijumaa tena.

Tunamzungumzia Thomas Tryon, mwigizaji na mwandishi wa Marekani. Wengi walimjua kwenye televisheni, kama Texas John Slaughter katika tamthilia ya Disney (1958–1961). Kisha akapata nafasi kubwa katika filamu ya The Cardinal (1963), ambako mwongozaji Otto Preminger alimfokea na kumdhalilisha kazini. Akaja kuacha uigizaji, akashika kalamu. Riwaya yake ya kwanza, The Other (1971), inahusu mapacha wawili, na ilinunuliwa mno. Filamu ya 1972 iliyotokana na riwaya hiyo aliiandikia muswada mwenyewe! Kwangu hapo ndipo penye utamu: je, uigizaji ulimfundisha kuandika?

Naomba:
1. Someni angalau sura tatu za mwanzo za The Other.
2. Kila mtu achague aya moja ya kutusomea kwa sauti.

Anayeweza kuongoza maswali anijulishe. Tafadhali thibitisheni kwa kuandika "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya Alhamisi jioni. Asanteni sana.